Zambarau Nyuma ya Debe la Unga

Baridi ikianza kubisha hodi, fundi cherehani huweka mkasi kando na kuinjika sufuria ya dawa ya kikohozi: zambarau, tangawizi, mnanaa na karafuu. Asali huingia mwisho, moto ukishazimwa. Kujua kama dawa imeshika, hudondosha tone kwenye sahani na kulichora mstari kwa kidole. Mstari usipojifunga, tayari.

Mumewe, dereva mstaafu, hukaa mlangoni amekunja uso.

"Mama watoto, mambo ya majani na mizizi waachie mbuzi. Mimi sinywi."

"Nani kakulazimisha, baba? Kohoa kwa raha zako."

Mwaka jana mke alificha chupa ya dawa nyuma ya debe la unga. Kabla hata mtu hajapiga chafya, ikawa imefika nusu. Akamtazama mzee: mpole kama maji ya mtungi, na masharubu yake meupe yamegeuka rangi ya zambarau. Mke akaenda zake kuchekea jikoni.

Mwaka huu amepika sufuria mbili. Chupa ya wagonjwa iko mezani, kijiko pembeni. Ya pili ameificha palepale, nyuma ya debe. Anamjua mtu wake: dawa asiyoiiba haimponyi.