Kiberiti cha Meneja Barasa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa jembe, sikupewa mwiko. Ilikuwa Matisi, hapa Kitale, nyuma ya nyumba ya mwalimu mmoja aliyekuwa na ng'ombe watatu wa maziwa. Fundi Mkuu Kirui alitazama gambuti zangu zilizotoboka, akaniuliza, "Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la sita, mkubwa."

"Inatosha. Samadi haiulizi cheti. Chimba."

Nilichimba siku nne. Nyinyi vijana mnaona bayogesi ikifika kwa pikipiki, mfuko wa plastiki umekunjwa kama turubai, unafungwa siku moja na kazi imeisha. Wakati wetu mtambo ulikuwa kuba la matofali chini ya ardhi, kama chungu kikubwa kilichozikwa. Upande mmoja kuna mdomo wa kuingizia samadi iliyokorogwa na maji, ndoo kwa ndoo. Upande wa pili tope lililochoka linatoka, linaenda kwa mahindi kama mbolea. Gesi inapanda juu ya kuba, inafuata bomba mpaka jikoni. Ni hivyo tu. Lakini plasta ya ndani ikiwa na ufa mwembamba kama unywele, ujue umemjengea mtu kaburi la samadi.

Kirui hakuwa na vitabu. Alikuwa na sheria mbili, na alizirudia mpaka tukazichukia. Ya kwanza, mahali gesi inavuja panatafutwa kwa povu la sabuni, si kwa moto. Ya pili, gesi ya kwanza haiwashwi kamwe. Inakuwa imechanganyika na hewa iliyobaki ndani ya kuba, na mchanganyiko huo unalipuka. Unafungua valvu, unarudi nyuma hatua kumi, unaiacha iende zake.

"Gesi ya kwanza ni ya ndege," alikuwa akisema. "Nyinyi ngojeni ya pili."

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Bungoma, nikiwa sasa fundi kamili, chini ya Meneja wa Mradi Barasa. Namtaja kwa jina kwa sababu yeye hakuona haya kulitaja langu. Barasa alikuwa na kalamu tatu mfukoni na viatu ambavyo havikuwahi kukanyaga zizi. Alijua bayogesi kwa picha.

Siku moja wageni wa mradi walikuwa njiani kuja kuona mtambo tuliomaliza kujaza. Gesi ilikuwa ile ya kwanza kabisa. Mimi nilikuwa juu ya kuba nikikaza valvu.

"Fundi Wanyonyi, inawaka?"

"Bado, meneja. Hii ni ya kuachilia. Wiki ijayo."

"Wiki ijayo wageni watakuwa kwao, bana! Nataka moto leo."

Akatoa kiberiti chake, akaenda mwisho wa bomba kwenye ukuta wa jikoni, akakiwasha pale, na moto ukakimbia ndani ya bomba kurudi kwenye kuba. Sikusikia mlio. Niliona tu rangi ya buluu, nzuri sana, halafu nikawa nimelala kwa shamba la maharagwe na mkono wangu wa kushoto si wangu tena. Mpaka leo vidole vitatu havikunjiki.

Nikiwa bado hospitali, Karani Khisa alipiga chapa ripoti. Iliandikwa, "Ajali ilisababishwa na uzembe wa Fundi Wanyonyi." Khisa alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwa kile kiberiti. Aliona. Aliandika vile alivyoambiwa, na sahihi ya chini ilikuwa ya Barasa.

Ningesahau, ningekubali ni ajali kama nyingine. Lakini serikali nayo ikaamka. Na mimi nasema ilifanya vizuri, ingawa iliniumiza. Msamaha wa ushuru wa vifaa vya jua na gesi ulikuwa kama mlango wa kiosk, leo umefunguliwa, kesho umefungwa, lakini ulipofunguliwa watu walijenga kweli. Halafu zikaja kanuni. Fundi wa paneli za jua awe na leseni. Na sisi wa bayogesi, mradi wetu ukasema hakuna mtu kugusa mtambo bila cheti. Siku hizo hata samadi ilianza kuuliza cheti! Mitihani niliipita, ya mikono na hata ya kuandika. Lakini fomu ilikuwa na swali moja: umewahi kusababisha ajali? Na ripoti ilikuwa kwa faili. Nikaambiwa cheti sipati mpaka aliyetia sahihi ripoti aisahihishe. Nilimfuata Barasa ofisini mara nyingi kuliko nilivyokwenda kanisani.

"Wanyonyi, mambo ya zamani, si tuyaache?"

Bila cheti, nilikuwa na ruhusa ya kumaliza mtambo mmoja tu niliokuwa nimeanza. Ulikuwa Ndalu, kwa Mama Nasimiyu, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama. Wenzake wote walikuwa wanangoja waone wake ukiwaka ndipo wajiandikishe. Mkubwa wa Nishati wa kaunti angekuja kuuzindua. Baada ya hapo, mimi nirudi kwa jembe.

Barasa akaleta agizo jipya kwa karatasi: choo kiunganishwe na mtambo, kinaongeza gesi. Kisayansi hakukosea. Kuna shule zinapika hivyo na hakuna shida. Lakini mimi ni Mbukusu, na nilijua boma lile. Wafula, mkwe wa Mama Nasimiyu, alikuwa amekuja kumsaidia kujenga zizi, na alikuwa anatumia choo hicho. Kwetu mama na mkwe wake hata kusalimiana kwa mkono hawasalimiani. Sasa ati ya mkwe ipitie bomba iingie jikoni kwake?

Nilimwambia Barasa. Akacheka. "Mila haziko kwa ramani, Fundi."

Sikubishana. Nililaza bomba kutoka chooni kama ramani ilivyosema, lakini kabla ya kufukia nikaziba ncha yake kwa tofali na simiti. Choo kikabaki na shimo lake la zamani. Sikumwambia mtu. Gesi ya kwanza nikawapa ndege.

Siku ya uzinduzi hema lilijaa. Barasa akasimama, akasoma hotuba ndefu, akajivunia choo. Akina mama wakatazamana. Mama Nasimiyu, aliyekuwa na sufuria ya chai mkononi, akaiweka chini.

"Meneja, rudia hapo. Choo gani?"

"Hiki hapa, Mama. Hakuna kinachopotea!"

"Choo ya Wafula? Nikunywe chai ya choo ya mkwe wangu?"

Wafula alitoweka nyuma ya zizi. Mama mmoja akapiga kelele, "Kikundi tumetoka! Tunarudi kwa kuni!" Mkubwa wa Nishati alikuwa anamtazama Barasa, na Barasa alikuwa anatazama kalamu zake.

Nikachukua jembe. Nilichimba pale pale mbele ya viti vya wageni, nikawaonyesha tofali. "Mama, hakijaunganishwa. Hiyo gesi ni ya ng'ombe peke yake."

Mkubwa akainuka. "Kwa hivyo ulikataa agizo la meneja?"

Nikainua ule mkono wa kushoto. "Mara ya mwisho nilimwacha afanye alivyotaka, akawasha kiberiti, mkubwa. Haya ndiyo matokeo."

Akafungua faili yangu aliyokuja nayo. "Hapa faili inasema ulikuwa uzembe wako."

Mama Nasimiyu alikuwa ameinua sufuria tena. Akaiweka chini mara ya pili.

"Meneja," akasema, "nani aliwasha kiberiti?"

"Mama, hii si mahali..."

"Mimi nauliza tu. Chai iko hapa, gesi iko hapa. Nikijua, nitapika. Nisipojua, mkubwa atarudi kwake na kiu."

Wageni wakaanza kucheka chini chini. Barasa akapangusa uso. "Ni mimi," akasema. Halafu kwa nguvu kidogo, "Ni mimi niliwasha." Karani Khisa, aliyekuja na meneja kuandika kumbukumbu za siku, akaandika marekebisho ya ripoti, safari hii bila kuambiwa. Barasa akatia sahihi kwa kalamu moja kati ya zile tatu, na chai ikachemka kabla wino haujakauka.

Cheti nilipata. Nilijenga Ndalu yote, nikaendelea hadi karibu na Suam, mpakani na Uganda. Siku hizi kuna betri za lithiamu nyepesi kama mkoba, na majiko ya umeme yanayopika maharagwe kwa nguvu ya jua. Nafurahi. Vidole vimekataa mwiko, kwa hivyo mwaka huu nimestaafu nikiwa bado si mzee.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa Bungoma, kwa mzee mmoja mstaafu aliyenipigia simu mwenyewe. Ni Barasa. Nilimjengea, tena vizuri, maana ng'ombe wake hawakunikosea. Siku ya kufungua valvu, alitia mikono mifukoni, akarudi nyuma hatua kumi bila kuambiwa.

"Hii ni ya ndege, si ndiyo?" akauliza.

"Ni ya ndege," nikamjibu. Na nikamwacha asimame pale juani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.