Shangazi wa Ngazi ya Tisa

Rachael Kavetsa alikuwa fundi wa cherehani pale Gatina, Kawangware, na kila Jumapili baada ya ibada alivua viatu vya kanisani, akavaa raba, akatembea kwa miguu mpaka Kibera kwenda kutisha mazimwi. Hakuona haya kulisema. Kina mama wa kwaya walipomuuliza anaharakisha wapi, alijibu, "Naenda kucheza," nao wakatazamana, wakaamini kuna mwanamume.

Mwanamume hakuwepo. Ilikuwepo karakana ya Ndululu, seremala wa makochi kutoka Kitui. Jumapili Ndululu hakushika randa wala msumari, maana siku ya Bwana aliiheshimu. Alilaza ubao juu ya fremu mbili za makochi, ikawa meza, na mchezo ukaanza. Ulikuwa mchezo wa kusimulia. Kila mchezaji alikuwa na mtu wake wa kubuni, ameandikwa kwenye karatasi. Ndululu, msimulizi, aliwaambia wako wapi na nini kinawajia. Wao wakasema watafanya nini. Kisha dadu ya pande ishirini, aliyoichonga mwenyewe kwa mpingo, ikaamua kama wamefaulu. Kila mtu wa kubuni alikuwa na kazi yake, huyu mpiganaji, yule mganga, na alivyozidi kukomaa ndivyo alivyopanda ngazi na kupewa uwezo mpya.

Kitabu cha kanuni walikipata kwa njia ya aibu kidogo. Kabla ya cherehani Kavetsa alifanya kazi za nyumbani Lavington miaka tisa, na mwajiri wake alipohama alimwachia katoni ya vitabu vya watoto. Wakati huo Kavetsa ndiyo kwanza amenunua mashine, hana hata karatasi ngumu ya kukatia paterni za nguo. Akafungua kitabu kikubwa chenye picha za joka, akaona karatasi nzuri, akatia mkasi. Siku Ndululu alipokuja kupimwa suruali na kukiokoa, sura nzima ya kazi za wachezaji ilikuwa imegeuka kola za sare za shule. Zilibaki kazi tatu tu: mpiganaji, mganga na mwizi.

Mwizi akakataliwa hapo hapo. "Kwa meza yangu hakuna mtu ataiba," alisema Ndululu, "hata kwa mdomo." Na alisema kweli, kwa sababu mkono huzoea kile ambacho ulimi umekizoea.

Basi Kavetsa akawa mpiganaji, na upanga ukamshinda. Kila alipouinua, dadu ilimdhihaki: mbili, nne, moja. Siku ya tatu zimwi la mlango wa pango lilimjia na rungu, naye, kwa kuchoka kushindwa, akaweka mikono kiunoni.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Ndululu alipekua kurasa. Kitabuni hakuna zimwi lililoulizwa hivyo. Lakini na yeye alikuwa na shangazi huko Kitui, aliyeweza kumsimamisha mtu mzima mwenye ndevu katikati ya soko kwa swali hilo hilo. Akasukuma dadu. "Rusha. Ukipita kumi na tano, litajibu."

Ikaanguka kumi na saba. Zimwi likainamisha kichwa, likataja jina la mamake, likaweka rungu chini.

Ndivyo ilivyozaliwa kazi ya Shangazi, isiyo katika kitabu chochote. Hawakuiketia kuitunga, ilikua kwa kutumiwa. Kavetsa alipomtazama mlaghai hadi akanyamaza, Ndululu aliandika: ngazi ya tatu, Jicho. Alipolazimisha majeshi mawili kunywa chai kabla ya vita, na vita ikasahaulika, akaandika: ngazi ya sita, Kikao. Baada ya miaka minne Shangazi alikuwa ngazi ya tisa, na angeweza kuita ukoo mzima wa adui yeyote uje umwaibishe.

Kisha akaja Timothy, shemeji yake Ndululu, anayeuza dawa kwenye duka la dawa na kukaa kwenye maghorofa ya Nyayo Highrise. Alikuja na begi mgongoni, na ndani yake kitabu kipya, kizima, jalada likiwaka. Kazi kumi na mbili, na kila kazi ina matawi yake.

"Kwani nyinyi mmecheza miaka minne na kitabu cha kukatwa?" aliuliza.

"Kilikatwa na fundi," Kavetsa alisema. "Kola zilitoka sawa."

Okeyo, mwendesha boda boda wa hapo Kibera na mpiganaji wa meza hiyo, alicheka hadi helmeti ikadondoka. Timothy hakucheka. Aliipitia karatasi ya Kavetsa kwa kidole, mstari kwa mstari, kama mtu asomaye maagizo ya daktari.

"Anti, hata kitabuni kazi hubadilika," alisema kwa heshima. "Zamani zilikuwa chache. Watu wakacheza, wakaongeza. Toleo jipya likitoka, kazi iliyozidi nguvu hupunguzwa, iliyo dhaifu huongezwa. Lakini kila moja ina udhaifu wake. Mchawi ana maarifa, mwili hana. Mpiganaji ana mwili, uchawi hana. Sasa Shangazi hana nini?"

"Hana mchezo," Kavetsa akajibu.

"Hiyo si udhaifu, Anti."

Ndululu alijikuna shingo kwa penseli. Alipenda kanuni, na aliposhikwa kwa kanuni hakuwa na pa kukimbilia. "Timothy amesema ukweli. Rachael, nakupa wiki moja. Jumapili ijayo uje na udhaifu wa haki. Ukikosa, tunafuata kitabu, unachagua kazi nyingine kati ya hizo kumi na mbili, na Shangazi tunamzika."

Kavetsa alimgeukia Okeyo. "Ambia hawa watu."

Okeyo aliokota helmeti yake, akaizungusha mkononi. "Anti, nikuambie ukweli? Tangu Pasaka sijachomoa panga. Mimi ni mpiganaji wa ngazi ya saba, manze, na kazi yangu ni kupitisha sukari kwa kikao chako."

Maneno hayo yalimchoma kuliko ya Timothy. Alirudi Gatina amenuna, na kununa kwake kulikuwa na sababu. Kwa tajiri wake wa Lavington, miaka tisa, yeye ndiye aliyekuwa akiulizwa: umeweka wapi, umevunja nini, kwa nini umechelewa. Kwenye ule ubao wa Kibera ndipo alipojifunza kuuliza. Leo wanataka kumzika.

Jumatatu akajaribu udhaifu wa kwanza: Shangazi aumwe magoti. Akaufuta, magoti hayazuii mdomo. Jumatano akaandika kwamba Shangazi asiulize mara mbili kwa siku. Akaufuta huo pia, kwa kuwa alijua fika ataomba nyongeza. Mtu akijitungia adhabu hupenda kujichagulia fimbo nyembamba.

Alhamisi Waithira, muuza mboga wa kibanda cha pili, alisimama mlangoni.

"Waithira," Kavetsa alimwahi, kama kawaida yake, "mbona hukufungua jana na juzi?"

Waithira akaketi kwenye benchi, akamweleza yote: mgongo, daktari, mume aliyesema ni uvivu. Alipomaliza akapangusa macho na kumtazama moja kwa moja.

"Na wewe sasa uniambie. Sketi yangu iko wapi?"

Kila fundi ana jibu lake, na la Kavetsa lilikuwa tayari limefika kwenye meno: imebaki vifungo tu. Sentensi hiyo imeshona nguo nyingi Nairobi kuliko uzi. Lakini sketi ya Waithira haikuwa imefika kwenye vifungo. Ilikuwa kitambaa, kimekunjwa, ndani ya mfuko, chini ya meza. Na huyu mama alikuwa amemfungulia roho yake muda si mrefu, hapo kwenye benchi.

"Sijaigusa," Kavetsa alisema.

"Ai! Na Jumatatu ukaniambia vifungo?"

"Nilidanganya. Keti. Naikata ukiona."

Waithira akaketi, akamsimanga kwa lugha mbili hadi sketi ikaisha. Kavetsa akashona bila kunung'unika, na alipokata uzi wa mwisho alikuwa ameupata udhaifu.

Jumapili aliuweka mezani ukiwa mstari mmoja: *Shangazi akimuuliza mtu na kujibiwa, aliyejibu naye atamuuliza swali moja, na Shangazi lazima aseme kweli.*

Timothy aliusoma mara mbili. "Kwa karatasi ni mzuri. Lakini akidanganya tutajuaje?"

"Tuujaribu," Ndululu alisema, na macho yake yakaanza kumeremeta. "Mko darajani. Mbele yenu kuna zimwi la vichwa viwili."

"Wewe ni mtoto wa nani?" Kavetsa akauliza, akarusha. Kumi na sita. Vichwa viwili vikataja mama mmoja, kwa huzuni.

"Sasa linakuuliza wewe," Ndululu akasema polepole. "Shangazi, ni kitu gani umewaficha wenzako hawa?"

Jambo lilikuwepo, na Ndululu alilijua, kwa kuwa Kavetsa alilifanya mchezoni kwa kumnong'oneza, na msimulizi hujua yote na hasemi. Kavetsa angeweza kutoa siri ndogo, sukari aliyoficha, ndoto aliyoota, na Shangazi angebaki mzima. Ni mchezo tu, moyo ulimwambia. Lakini Alhamisi moyo huo huo ulikuwa umemwambia vifungo.

"Punda," alisema.

"Punda gani?" Okeyo aliuliza.

"Punda wako wa mwaka juzi. Fisi hawakumla. Nilimpa mchawi wa bondeni, akanipa birika la kikao."

Okeyo alisimama. "Anti! Nililia hapa! Nilimfanyia mazishi yule punda! Wewe si ndiye uliongoza maombi?"

"Niliongoza."

"Na ukaimba!"

Timothy alikuwa ameficha uso nyuma ya kitabu, mabega yakimtikisika. Ndululu hakuwapa nafasi ya kupatana. "Mnagombana, kikao kimevunjika," akanguruma, "na zimwi linaruka!"

"Wacha lije!" Okeyo akachomoa panga lake la kwenye karatasi kwa hasira ya punda, akarusha dadu kwa nguvu hadi ikagonga fremu ya kochi. Kumi na tisa. Alipigana nusu saa nzima juu ya daraja lile, amesimama, akieleza kila pigo kwa mikono, huku Shangazi amekaa kwenye jiwe, amewashikia mizigo.

Zimwi lilipoanguka, Ndululu alivuta karatasi ya Kavetsa. "Kazi inabaki. Lakini zile ngazi tisa zilipandwa kabla ya udhaifu. Si haki uendelee nazo."

"Anashuka mpaka ipi?"

"Ya kwanza."

Kavetsa aliomba kifutio, akaifuta tisa mwenyewe. Timothy akaazima penseli, akageuza kitabu chake kipya hadi ukurasa mtupu wa mwisho, na kwa mwandiko wa duka la dawa akaandika: *Kazi ya kumi na tatu.*

"Na tandiko la punda wangu?" Okeyo alidai, bado anahema. "Nalo uliuza?"

"Tandiko lipo."

"Basi utalibeba wewe, Anti. Mgongoni. Mpaka sokoni."

Kavetsa alimuuliza Ndululu lina kilo ngapi, akaandika kwenye karatasi yake, chini ya mizigo ya Shangazi.