Choki Iliyounguza Vidole

Mwaka ule nilisukuma gari la zahanati mara nyingi kuliko nilivyolipanda. Sitii chumvi. Nilikuwa mkunga katika kijiji cha ujamaa kilichokuwa mwendo wa nusu siku kwa mguu kutoka stesheni ya Bukene, na gari lenyewe lilikuwa kuukuu, limeachwa na Waingereza, turubai lake la nyuma limejaa viraka. Dereva alikuwa mzee wa Kisukuma, mpole, aliyejifunza udereva jeshini wakati wa vita kuu ya pili. Yeye aliniita Sista, mimi nilimwita Mzee.

Ugonjwa wa gari ulianza liliporudi kutoka karakana. Lilikuwa limepelekwa Tabora ili giaboksi ishushwe na kutengenezwa, likakaa huko wiki sita, na mimi wiki hizo sita nikasafirisha wagonjwa kwa mikokoteni ya ng'ombe. Liliporudi, gia ziliingia laini kama kisu kwenye siagi. Lakini ufunguo ukizungushwa, stata ilisema "tak!" ikanyamaza. Siku nyingine Mzee alirudia mara nne, mara tano, ikashika kwa shida kama mtu anayeamshwa na homa. Siku nyingine haikushika kabisa. Na ile hendeli ya kuwashia injini kwa mkono, iliyokuwa ikikaa chini ya kiti, ilikwenda karakana na gari isirudi nalo.

Mzee hakuwa dereva wa kukaa na kulalamika. Alisafisha vichwa vya betri, akakaza nyaya, akaongeza maji. Akalala chini ya gari akaigonga stata kwa nyundo, kwa maana stata zikizeeka huwa zinakwama, na pigo dogo huziamsha. Wapi! Akaniambia niwashe taa kubwa halafu nizungushe ufunguo, naye asimame mbele aangalie. Taa ziliwaka kwelikweli, wala hazikufifia.

"Betri nzima," alisema akijifuta mikono. "Betri ingekuwa inakufa, taa zingezimika pale pale. Hapa kuna kitu kingine."

Alipanda garimoshi mpaka Tabora kuwaeleza. Fundi mkuu wa karakana alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, akamwambia maneno machache: taa zinawaka, stata haizunguki, basi stata imekufa. Mpya itaagizwa Dar es Salaam. Subirini.

Tukasubiri. Na kusubiri kwetu kulikuwa kusukuma. Kila nilipotakiwa kwenda kuchukua dawa au kupeleka mgonjwa, watu waliitwa kutoka shamba la pamoja. Waliacha majembe, wakaja kusukuma mpaka gari lishike mwendo, Mzee atie gia ya pili na kuachia klachi, injini ikohoe na kuwaka. Siku za kliniki waliosukuma walikuwa wanawake wangu mwenyewe, waliokuja kupimwa mimba, wengine watoto mgongoni. Niliwakataza. Walinitazama kwa huruma, wakasukuma.

Mwenyekiti wa kijiji alipoona hivyo, alifurahi. Kwenye mkutano alisimama akasema, "Ndugu wananchi, wengine wanangoja stata. Sisi stata yetu ni umoja wetu. Kusukuma ndiko kujitegemea!" Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Babu yake babu yangu alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu begani kutoka Unyanyembe mpaka pwani, na nyumbani kwetu Mtendeni, Tabora, tulikua tukisikia kwamba mambo hayo yamekwisha, kwamba sasa tuna uhuru na mzigo utabebwa na gari. Na mimi nasimama naangalia mjamzito wa miezi minane anabeba gari. Halafu naambiwa nipige makofi! Mimi niliiamini siasa ile. Nililima kwenye shamba la pamoja kama wengine, na ndiyo maana niliudhika: kujitegemea hakukuwa jina la kufunikia uvivu wa mtu mmoja wa karakana.

Asubuhi moja ya baridi, Mzee akihangaika na ufunguo, aliniomba nimvutie choki, yaani ile kamba ya waya yenye kifundo kwenye dashibodi, inayovutwa injini ikiwa baridi. Nilikishika kifundo nikakiachia papo hapo. Kilikuwa cha moto kama mpini wa kikaango. Ncha za vidole viwili ziliota malengelenge.

"Mzee, choki inaunguza!"

"Hata mimi iliniunguza juzi," alisema. "Nilidhani ni uzee wangu."

Wiki iliyofuata nilikwenda Tabora kwa shughuli za dawa, nikapita karakana. Nilimwamkia fundi mkuu, maana alinizidi umri, naye akaitikia marahaba bila kuinua macho kutoka kwenye kikombe cha chai. Nikamweleza habari za choki kupata moto kila tunapojaribu stata. Alicheka, akawageukia wenzake ili nao wacheke.

"Sista, wewe zalisha wanawake. Magari tuachie wanaume. Choki na stata wapi na wapi?"

Nikaondoka na vidole vyangu. Sikuwa na elimu ya kumjibu, nilikuwa na malengelenge tu. Lakini kazini kwetu mgonjwa akikwambia kichwa kinamuuma huku mguu umevimba, humcheki. Unaushika mguu.

Kisha zikaja mvua. Mchana mmoja waliniletea mwanamke kijana, uzazi wake wa kwanza, mkono wa mtoto umetangulia kutoka. Mkunga yeyote anajua maana yake: hapo hakuna la kufanya zahanati, ni hospitali tu, upasuaji. Tulimlaza nyuma ya gari kwenye godoro, mama mkwe wake akampakata kichwa. Mzee akazungusha ufunguo. Tak. Akarudia. Tak. Waliitwa wasukumaji, lakini uwanja wa zahanati ulikuwa matope matupu na magurudumu yalizama. Walisukuma, wakapumzika, wakasukuma. Wakakata matawi wakayatandika mbele ya magurudumu. Muda ukaenda.

Nilikuwa nasukuma pamoja nao, kichwa chini, nilipoona miguu mitupu kando yangu, damu inachuruzika juu ya kifundo cha mguu. Yule mgonjwa alikuwa ameteremka. Alikuwa ameona gari ni zito, akashuka ili kulipunguzia uzito, na akiwa ameshuka akaweka kiganja chake kwenye bodi akasukuma.

Nilimkemea, Mungu anisamehe. Nilimkemea yeye, badala ya aliyestahili. Tulimrudisha juu, na mara hiyo gari likatoka.

Hospitali ya Nzega tulifika alasiri. Daktari alimpasua. Mama alipona, mtoto hakupona. Daktari alipotoka kunawa mikono alisema, bila ukali, "Mmechelewa kidogo, Sista." Sikulia. Nilikwenda nje kwa Mzee, aliyekuwa hajazima injini hata kidogo kwa kuogopa, nikamwambia, "Kesho haturudi kijijini. Tunakwenda Tabora."

Tulifika siku iliyofuata, baada ya wahudumu wa hospitali kutusukuma alfajiri, na vumbi na matope yetu. Karakana walitazama gari likinguruma getini. Fundi mkuu hakufungua boneti. Alifungua faili, akanionyesha karatasi ya kuagiza stata, akaigonga kwa kidole: "Tumeshaagiza. Unataka nini zaidi?" Nilimwambia kuna mtoto amekufa. Alisema pole, akafunga faili. Nikapanda gari tukaondoka.

Kanyenye, mtaa wa pale pale Tabora, kulikuwa na fundi aliyekuwa rafiki wa marehemu baba yangu tangu madrasa. Baba alikuwa mfua bati, yeye alitengeneza pampu na injini za mashine za kusagia uani kwake. Nilipoingia ndipo Mzee alipozima gari, na hapo tulikuwa tumefika mwisho wa uwezo wetu.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso umekukunjamana hivyo?"

Nilimweleza yote. Nilitarajia atasema tuifungue stata. Hakuitazama hata stata. Aliuliza swali moja ambalo hakuna mtu wa karakana aliyeniuliza:

"Mnapojaribu kuwasha, kitu gani kinapata moto?"

"Choki," nilisema.

Akaacha kazi yake akasimama. "Choki? Choki kazi yake kubana hewa tu. Umeme unatafuta nini humo?" Alilala chini ya gari kwa kanzu yake ya kazini, akapapasa kati ya injini na fremu. Akaniita. "Njoo uone. Lala tu, nguo zitafuliwa."

Nililala kando yake kwenye changarawe. Alinionyesha tundu la bolti kwenye fremu, tupu, limepakwa rangi mpya nyeusi. "Hapa palitakiwa kuwa na mkanda wa shaba, mnene kama kidole gumba. Umeme unatoka betri, unaingia stata, halafu lazima urudi betri. Njia yake ya kurudi ni hapa. Waliposhusha giaboksi waliufungua mkanda, na hawakuurudisha. Sasa umeme umefungiwa mlango, unapenya dirishani. Na dirisha lenyewe ni kijiwaya cha choki. Kitaacha kuwaka moto?"

Alichukua waya mnene wa shaba, akafunga ncha moja kwenye injini na nyingine kwenye fremu, kwa kujaribu tu. "Mzee mwenzangu, washa."

Mzee alizungusha ufunguo. Stata ilizunguka mara moja, kwa nguvu, kama haijawahi kuumwa, na injini ikanguruma. Mzee alizima, akawasha tena. Akazima, akawasha. Mara ya nne nilimwona anajifuta macho kwa mkono wa shati.

Kazi yenyewe haikuzidi muda wa kuchemsha chai. Fundi alikwangua rangi na kutu kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa pande zote mbili, akafunga mkanda wa shaba, akakaza bolti, akapaka grisi juu ili maji yasiingie. Kisha akaniambia nishike choki wakati Mzee anawasha. Nilishika. Ilikuwa baridi.

Mtu angedhani hapo ningefurahi. Nilishikwa na hasira kuliko siku zote. Ugonjwa ungekuwa mgumu ningeweza kuvumilia. Bolti moja! Miezi mitano ya kusukuma, migongo ya wanawake wale, mtoto yule, kwa bolti moja na mtu asiyetaka kuinama.

Nilirudi karakana, nikamwomba fundi mkuu atoke nje. Mzee aliwasha mbele yake. Nikamwambia kilichokosekana, na nani aliyekifungua. Alikunja uso, akasema labda mkanda ulianguka njiani. Nikamwambia, "Hukuwa na haja ya kujua. Ulikuwa na haja ya kusikiliza." Wenzake safari hii hawakucheka.

Baada ya wiki tatu nikapata barua kutoka wilayani. Sikuulizwa habari za mtoto, wala za miezi mitano. Niliulizwa kwa nini nilipeleka mali ya umma kwa fundi wa mitaani bila kibali, na nikapewa onyo la maandishi. Mwenyekiti alinishauri niombe radhi kwenye mkutano, jambo liishe.

Nilisimama kwenye mkutano. Nikawaeleza wanakijiji mkanda wa shaba ni nini na kazi yake ni ipi, nikawaonyesha kwa mikono yangu mahali unapofungwa, nikawaambia nani aliusahau. Nikasema ningelipeleka tena Kanyenye hata kesho. Mwenyekiti aliniashiria nikae, sikukaa. Mama mkwe wa yule mgonjwa alikuwa upande wa wanawake. Aliinuka taratibu, akafunga kanga yake vizuri, akasema kwa Kinyamwezi kwamba yeye hasukumi tena gari la mtu. Wanawake wengine wakasimama pamoja naye, mmoja mmoja, na mwenyekiti akafunga mkutano kabla ya ajenda kwisha.

Stata mpya ilifika kutoka Dar mwaka uliofuata, ndani ya sanduku la mbao, imefungwa kwa karatasi ya mafuta. Mzee aliuliza aiweke wapi. Nilimwambia airudishe walikoiagiza.