Popo wa Kisiwani Waliohamia Al Mansoura

Mwaka wangu wa pili Doha nilipata kazi ya kusafisha data katika ofisi ndogo ya mambo ya mazingira. Mimi mtoto wa Nakuru, bahari nilikuwa nimeiona mara tatu maishani, lakini nikakabidhiwa data za popo wanaokula matunda wa kisiwa kimoja cha Pasifiki: wameonekana wapi, lini, wangapi, ili wenyeji wajue msitu upi usiguswe.

Aliyewahesabu ni mama mmoja wa huko, mwalimu mstaafu. Daftari zake zilikuwa na kila kitu isipokuwa namba za ramani, yaani latitudo na longitudo. Ijumaa, nikiwa chumbani kwangu Al Mansoura, nikaiagiza kompyuta ijaze mapengo yenyewe. Ikajaza. Nikaenda kula biriani.

Jumatatu asubuhi tukakutana kwa video: bosi, mimi, na yule mama. Ramani ya kisiwa ikafunguka, tupu kabisa.

"Popo wako wapi?" bosi akauliza.

Nikabonyeza waonekane wote. Ramani ikavuka bahari, ikapita India, ikashuka Qatar, ikatua juu ya paa la jengo ninaloishi, Al Mansoura. Kompyuta ilikuwa imejaza mapengo kwa mahali ilipokuwa yenyewe. Popo wote wa kisiwa walikuwa juu ya dobi wa pale chini.

Mama akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Binti yangu, huko wanakula nini?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikakiri kwamba nilifanya haraka na sikukagua. Mama alicheka hadi simu ikamponyoka, tukabaki tunatazama dari lake.

Bosi hakucheka. Aliniamuru nirudie mstari kwa mstari, na mama akajitolea kunisaidia. Kila asubuhi yangu, jioni yake, alinielekeza: "Nyuma ya kanisa, penye mkuyu." Nalitafuta kanisa kwenye picha ya setilaiti. "Siyo hilo! Hilo la wajomba zangu, hata popo hawaendi."

Siku moja mwenzangu wa chumba, Mpemba anayefanya kazi hotelini, akarudi kutoka zamu akatusikia. Akaketi kitandani, akajitanda mtandio vizuri. "Shikamoo, mama."

"Anasema nini?"

"Anasema anakushika miguu."

Mama akaitazama miguu yake.

"Mwambie na kwetu Pemba wapo," mwenzangu akasema, "na ni wakubwa kuliko popo wa kwake." Wakabishana, kila mmoja akitanua mikono hadi ikatoka nje ya kioo, mimi mkalimani katikati. Mwenzangu akasema kwao watu walikuwa wakiwala, siku hizi ukimgusa mmoja mtaa mzima unakujia juu. Mama akasema kwake wajukuu ndio waliomkataza, na yeye ladha anaikumbuka bado.

Ramani ilikamilika. Wazee wa kijiji waliitumia, na barabara mpya ikapindishwa kuukwepa mkuyu. Mama alinitumia picha amesimama penye kona, mikono kiunoni.

Bosi akanipa data nyingine, za konokono. Mwenzangu akasema kwa hao nisimwite.