Ngoma Niliyoipiga Kabla ya Jibu

Nakumbuka alasiri moja kule Mbagala, uwanja umejaa watu, nami kijana wa miaka ishirini na mbili ndiye mpigaji wa ngoma kubwa ya kikundi chetu. Nilijiona mimi ndiye kikundi chenyewe. Mwanangu, juzi umechaguliwa kuwaongoza wachezaji wenzako, kwa hiyo kaa nikusimulie aibu yangu.

Kiongozi wetu alikuwa Bi Somoe, mama mfupi wa Kimakonde, asubuhi anauza vitumbua, alasiri anaimba. Sijamwona mwanamke jasiri kama yeye. Alialikwa kila palipokuwa na sherehe ya kumtoa mwali unyagoni, na mila hakuikataa. Aliiongezea jambo moja tu. Kabla ngoma kubwa haijalia, aliimba swali: mwenye mwali, mwanao anakwenda wapi? Baba alipaswa kuingia katikati, mbele ya majirani, ajibu kwa mdomo wake. Akisema shule, ndipo nipige. Mtu akishatamka mbele ya mtaa mzima, kuligeuza neno lake ni kazi.

Siku hiyo mwali alikuwa Zuhura. Alikuwa amefaulu darasa la saba, lakini sote tulijua kwamba baba yake, Mzee Saidi, amekwisha kumwahidi bwana mmoja wa Kimbiji kwamba atamwoza. Bi Somoe akaimba swali. Mzee akasimama, akaigusagusa kofia yake, akatazama chini. Kimya. Sasa upande wa wanawake alikuwepo binti mmoja wa Tabata niliyetaka sana anione. Mikono ikaniwasha, nikapiga.

Uwanja mzima ukawa vigelegele. Mzee Saidi akacheza hatua mbili, akatabasamu, akapotelea kwenye umati. Zuhura alinitazama mara moja, kisha akajifunika khanga usoni.

Bi Somoe hakunifokea. Tulipokuwa tunakusanya vyombo alisema, "Umepiga vizuri sana. Ila yule baba hakuwa na pa kujificha, na wewe ukampa." Nilitamani ardhi ipasuke. Binti wa Tabata naye alishajiondokea. Hata jina langu hakulijua.

Kesho yake alasiri Bi Somoe akatubebesha ngoma hadi kwa Mzee Saidi. Tukakaa chini mbele ya baraza, njuga miguuni, hakuna aliyetikisika.

"Kaka, jana tuliondoka bila jibu," alimwambia. "Leo sie tutakaa."

Akaliimba swali lake mara moja tu, polepole. Mimi nikaweka mikono magotini. Majirani wakaanza kusogea, hata mama lishe wa jirani akaacha sufuria jikoni. Kimya kile kilinichosha kuliko kupiga ngoma siku nzima.

"Mbona hupigi?" Mzee aliniuliza mimi.

"Nakusubiri wewe, baba," nilisema.

Akageuka akamtazama Zuhura, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Shule," alisema. "Haya, ataenda shule."

"Mie sijasikia," alisema Bi Somoe. "Na hao wa nyuma je?"

Akarudia kwa sauti, na safari hii machozi yalimlengalenga. Hata hapo sikugusa ngoma mpaka Bi Somoe aliponiashiria kwa kichwa. Yule bwana wa Kimbiji alipokuja alikuta mtaa mzima una habari, akarudi alikotoka.

Bi Somoe ametangulia mbele ya haki. Siku hizi anayeimba swali ni Zuhura mwenyewe, mwalimu wa sekondari, na kila akiimba mimi naweka mikono magotini, mzee mzima na mvi zangu.

Mwanangu, watu watakushangilia kwa uchezaji wako, nawe utadhani hiyo ndiyo kazi uliyopewa. Kazi ni lile swali, na mtoto anayengoja lijibiwe. Mila za wakubwa usizikimbie wala usizitukane. Ingia ndani yake kwa heshima, kisha ziongezee neno la kumfaa mtoto wa leo. Na ukishauliza, nyamaza. Usimwokoe mtu mzima na kimya chake kwa sababu tu unataka kupigiwa makofi.

Mungu akujalie mikono hodari, na akujalie moyo wa kuituliza magotini mpaka mtoto wa watu apate jibu lake.