Pasaka Niliyokwenda Hohhot Nikiwa Usevya

Nianze na aibu yenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa mtaani kwetu Majengo wanaoiongezea chumvi: mimi, kidato cha tatu, mwenye akili zangu zote, niliwaambia wenzangu darasani kwamba likizo ya Pasaka nilikuwa China, mji wa Hohhot, kule kaskazini kwa Wamongolia, wakati ukweli nilikuwa Usevya kwa bibi, nalinda mpunga usiliwe na ndege.

Wala sikupanga. Mama mdogo anasoma Hohhot na huwa ananitumia picha, sasa niliporudi nyumbani Mpanda nikampelekea fundi picha wa mtaani picha yangu ya shambani, nikamwambia atoe mpunga aweke msikiti (msikiti wa huko una mapaa yaliyopinda ncha kama hekalu la Kichina, ukiuona unauangalia mara mbili). Akauweka vizuri, ila kombeo langu la kufukuzia ndege likabaki mkononi, eti kulitoa ni kazi nyingine. Jumatatu nikaenda nayo shule kumtania rafiki yangu Faraja, tucheke dakika mbili, basi. Faraja akaamini. Darasa likaamini. Walipouliza kombeo la nini, nikasema ni la Wamongolia, mgeni akifika tu anapewa.

Kufika Alhamisi habari zimemfikia Madam wa Jiografia, naye badala ya kunitilia shaka akafurahi, akasema kila siku ya wazazi anaongea yeye tu kuhusu vivutio vya watalii, safari hii ataongea mtu aliyefika. Hapo ndipo ningesema. Sikusema. Nikamwandikia mama mdogo anieleze mji mzima, nikakariri kuliko nilivyowahi kukariri kitu chochote cha shule.

Na siku ya wazazi, mwishoni mwa Mei, nilitisha, jamani. Ukumbi umejaa, picha yangu imebandikwa ubaoni, na mimi nawatembeza wazazi Hohhot kama nimezaliwa huko: hekalu lenye sanamu ya Buddha ya fedha, mtaa wa Waislamu wanaouza nyama ya kondoo, makumbusho yenye mifupa ya dinosaria, vibao vya maduka vyenye Kichina na Kimongolia (Kimongolia kinaandikwa kushuka chini kama mvua), halafu nje ya mji nyasi tupu na mahema ya duara, mgeni anakaribishwa chai ya maziwa yenye chumvi. Mama alikuwa mstari wa tatu. Alikuwa akiniangalia mimi, anaangalia picha, ananiangalia mimi tena. Pembeni yake, na hili hakuniambia, alikuwa amekaa bibi, aliyefika Mpanda asubuhi hiyohiyo kutibiwa goti.

Sasa mnajua kwetu mtu akifanya vizuri mbele za watu anatunzwa, pesa au kanga. Bibi akainuka kabla hata sijamaliza, akaja polepole na goti lake, akanifunga kanga mabegani, kisha akawageukia watu.

"Asanteni kumsikiliza mume wangu," alisema (ananiita hivyo tangu nizaliwe, na mimi huwa namgombeza kwa nini kachelewesha ugali). "Pasaka yote alikuwa kwangu Usevya, alfajiri mpaka jioni, miguu kwenye matope. Wali mtakaokula leo, mchele wake nimeuleta mimi, na aliyeulinda ni huyu. Na kombeo hilo hapo kwenye picha nimelisuka mimi."

Madam akaniuliza taratibu nilikuwa wapi Pasaka.

Faraja, aliyekaa mbele, akaninong'oneza, "Sema bibi anachanganya. Kazeeka."

Na wangeniamini, hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo. Ni mzee, anatoka shamba, mimi nina picha. Lakini alikuwa bado kanishika mkono, anatabasamu kama yeye ndiye aliyetunzwa.

"Nilikuwa Usevya, Madam. China sijafika."

Walicheka mpaka mzazi mmoja akatoka nje kupumua. Madam akasubiri, akaniuliza na hayo ya hekalu na mahema je, nikamwambia ni kweli yote, nimeulizia kwa anayeishi huko.

"Basi malizia," akasema. "Ulikuwa umefika kwenye chai ya chumvi."

Nikamalizia, na kanga mabegani, na bibi kaletewa kiti palepale mbele, anauliza hao Wamongolia wanalima nini. Adhabu nilipewa, nilifyeka nyasi za uwanja wiki nzima na nilizistahili zote, lakini namshukuru Madam kwa ile "malizia", na bibi namshukuru kuliko ninavyoweza kuandika hapa. Sitamdanganya mtu tena nilikokwenda, hata kama ni chooni.

Tulipofika nyumbani, mlangoni Mama akanigeukia:

"Bibi yako amekusifia kazi uliyokuwa unaionea aibu. Kamshukuru. Na Pasaka ijayo unarudi hukohuko Hohhot, ameongeza majaruba mawili ya mpunga."