Maksai Waliogeuka Hisa

Kijijini kwetu, jirani na Ilongero, mtu akiweka ng'ombe wake zizini mwako, maziwa unakunywa wewe, ndama anakuwa wake. Siku akimhitaji anakuja na fimbo, anamswaga kwenda kwao. Hakuna maswali mengi. Baba alielewa hisa hivyohivyo, na simlaumu. Hata spika ya ile pikapu iliyokuja mnadani ilisema: weka mali yako kwetu, izae, ibaki yako.

Ilikuwa kampuni mpya, inajenga kiwanda cha kukamua alizeti. Walisema hawataki benki, wanataka sisi wananchi tukimiliki wenyewe. Baba akauza maksai wetu wote wawili, wale wa kulimia, akanunua hisa. Siku hiyo mama aliuacha ugali ukapoa.

Mvua ikaja. Majirani wakaanza kulima, shamba letu limekaa tu. Jumamosi baba akaniambia nivae sare ya shule, ili huko ofisini waone kwamba naye ana mtu aliyesoma. Mimi mbele za watu ulimi hunikauka kabisa, lakini nilivaa. Tukapanda bodaboda hadi mjini.

Ofisini benchi lilikuwa limejaa. Kijana wa mezani akamwamkia baba vizuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekuja kuwachukua maksai wangu. Mvua imeshanyesha."

Watu wakacheka. Kijana naye akacheka. "Mzee, hapa hatufugi."

"Basi nipe hela yao, nikatafute wengine."

"Hela imeshakuwa ukuta, mzee wangu. Iko kiwandani." Akanigeukia. "Mdogo wangu, wewe si unasoma? Mweleze mzee. Hisa haturudishi sisi. Akitaka kutoka, atafute mtu wa kuinunua."

Nilimweleza kwa Kinyaturu, taratibu, macho yangu kwenye kandambili zake. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza majibu ya hospitali.

"Hata maksai mmoja?" akauliza.

"Hata mmoja, baba."

Akasimama, akaligeukia benchi kwa sauti yake ya mnadani. "Jamani, nani anachukua? Nashusha bei!"

Safari hii hakuna aliyecheka. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema, "Kaa chini, baba. Wote hapa tumekuja kuuza."

Wakati wa kurudi, baba alimwomba dereva asimame kiwandani. Kuta zimefika kwenye linta, juu ya madirisha, paa hakuna, na ndani majani yameanza kuota. Akauwekea ukuta kiganja, akaanza kutembea pembeni yake polepole.

"Sehemu yetu ni ipi?" akaniuliza.

Nilijua jibu la darasani, kwamba hisa haina tofali lake. Sikuweza kulitamka. Nikasema sijui.

Jumatatu sikwenda shule. Tulilima kwa jembe la mkono, mimi na mama upande mmoja, baba peke yake upande wa pili, ametupa mgongo. Jua lilipofika utosini tulikuwa hatujafikia hata kichuguu cha kwanza. Mama akainua uso, akaliangalia shamba lote lililobaki, kisha akaniangalia mimi. Tulijua mvua itakatika kabla hatujalimaliza.